Gari la Kliniki Lavuka Rugezi

Mzee Wenceslaus Makongoro alipolinunua lile gari mnadani Musoma, mwaka themanini na tisa, watu wa Butiama walidhani ameamua kurudia udereva. Aliuza ng'ombe wake wote akabakiza mtamba mmoja, akarudi nyumbani akivutwa na lori, ameshika usukani wa Landrova ndefu nyeupe yenye mlango wa nyuma na alama ya msalaba iliyopakwa rangi juu kwa haraka. Akalijengea kibanda cha mabati karibu na zizi. Akaihangaikia injini peke yake, leo kipuri hiki, mwezi ujao kile, mpaka likawaka. Halafu hakuliendesha hata siku moja.

Kila Jumamosi alichemsha maji, akafungua mlango wa nyuma na kusugua ndani kwa brashi na sabuni ya mche, sakafu na mabenchi mawili ya pembeni, hadi vidole vikachubuka. Tangi hakuliacha lifike nusu. Mafuta yakipungua kidogo kwa kule kuliwasha tu, alikwenda Bunda na dumu kuyaongeza. Mkewe alinung'unika mpaka akachoka, akalizoea gari kama mtu anavyozoea mgeni asiyeondoka.

Aliyethubutu kumwuliza ni binti yake, Jenoveva.

"Baba, gari zima hivi, mbona huliendeshi hata kwenda kanisani?"

"Lina mtu," akajibu.

Jenoveva akaelewa kwamba limeshapata mnunuzi. Hakuuliza tena. Mwaka wa tisini na mbili mzee akafa kwa kifua, na hakuna mnunuzi aliyetokea.

Jenoveva alikuwa na miaka thelathini wakati huo. Mumewe alikwenda machimboni, akaoa hukohuko. Kazi yake mwenyewe ya ukarani Musoma iliisha siku walipoitwa ukumbini, wakasomewa majina ya wanaopunguzwa. Alirudi kwa mama yake Butiama na sanduku moja, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kumwingizia riziki ni lile gari kibandani. Udereva aliujua. Baba yake alimfundisha akiwa msichana, kwenye trekta la kijiji.

Ndipo akaja Kasmiri. Kasmiri alikuwa mtu wa Murangi, mwenye gesti ya vyumba sita pale Kigera, mjini Musoma, mnene, mcheshi, asiyeweza kukaa bila kupanga jambo. Wageni wake walikuwa wazungu wa miradi na wahandisi wa barabara, na kila Jumapili walimuuliza waende wapi.

"Dada Jenoveva, tumelala sana," alimwambia. "Siku hizi ruksa. Mtu akitaka kuuza soda, anauza. Akitaka kuuza mandhari, anauza pia. Unakijua kile kisiwa cha Ukerewe? Unavuka na pantoni pale Kisorya, unashuka Rugezi, halafu barabara inazunguka kisiwa kizima. Majabali yamepandana kama mtu kayapanga kwa mkono. Maji kulia, maji kushoto. Michungwa! Mzungu akiona vile, harudi kwao."

"Umewahi kuiona hiyo barabara?"

"Ndiyo twende tukaione. Wewe unaendesha, mimi naandika pa kusimama, pa kula, pa kupiga picha."

Jenoveva alijua kwamba baba yake aliwahi kufanya kazi Ukerewe. Miaka mitatu, kuanzia themanini na mbili, alikuwa dereva wa gari la kliniki ya akina mama na watoto, mradi uliokwisha kitambo. Aliporudi hakuzungumza habari za huko, na watu hawakumlazimisha, kwa sababu miaka ile kila mtu alikuwa na jambo ambalo hakutaka kulisimulia: foleni za unga, sabuni iliyofukiwa chini ya kitanda, mtu aliyechukuliwa na askari kwa katoni mbili za maziwa. Kwamba Landrova ya kibandani ndilo gari lile lile la kliniki, hilo hakulijua.

Walisafiri siku ya Alhamisi. Jenoveva alitoka Butiama alfajiri, akapita Nyamuswa, akamchukua Kasmiri pale Manyamanyama, Bunda, akiwa na kofia ya jua, chupa ya chai na daftari jipya. Wakaifuata barabara ya changarawe kupita Kibara mpaka Kisorya, kwenye maji.

Pantoni lilikuwa limekwishafika. Mpokea magari, mzee mwembamba mwenye filimbi shingoni, alimwashiria apande, kisha akashusha mkono katikati ya ishara. Akalizunguka gari. Akaushika mlango wa nyuma kwa kiganja, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Limerudi," akasema.

"Shikamoo, mzee. Ni la marehemu baba yangu."

"Marehemu?" Akamtazama usoni. "Kumbe amekufa." Hakusema pole. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kusimama mbali, upande wa mbele wa pantoni, na muda wote wa kuvuka hakugeuka.

Karani wa tiketi alikuwa kijana, hakuwa na habari zozote za zamani. Alichungulia dirishani, akaandika, akachana karatasi. Kasmiri aliisoma, akacheka.

"Bwana mdogo, umeandika watu watatu. Sisi ni wawili."

"Na yule mama aliyelala nyuma?"

Kasmiri akageuka. Kati ya viti vya mbele na sehemu ya nyuma palikuwa na ukuta wa bati wenye kijidirisha kidogo cha kioo. Alichungulia. Aliona mabenchi mawili, spea taya na kapu la ndizi.

"Hakuna mtu."

Karani akachungulia tena, akakunja uso, akaifuta tatu kwa kalamu na kuandika mbili. Ila alipokuwa akiondoka aliinama kidogo kwenye dirisha la nyuma na kusema, "Pole, mama," kama mtu anavyomsemesha mgonjwa.

Kasmiri alikuwa akikitazama kile kijidirisha mpaka walipofika ng'ambo.

Kisiwa kilikuwa kizuri kuliko alivyokisifia. Barabara nyembamba ilipita katikati ya mihogo na michungwa, ikapanda, na kila ilipopanda ziwa lilijitokeza mahali ambapo hukulitegemea, mara bluu, mara jeupe kama bati jipya. Majabali yalikaa juu ya majabali, mengine makubwa kama nyumba, yameegemea kidole cha jiwe tu. Mbali majini, wadudu wadogo walikuwa wameinuka kwa mabilioni, wamesimama juu ya maji kama nguzo za moshi mweusi, na upepo ukizisogeza taratibu kuelekea nchi kavu. Kasmiri alisahau hofu yake. Waliacha mizigo kwenye gesti moja ya Nansio, mji wa kisiwa, wakaendelea magharibi, naye akawa anaandika: *hapa picha, hapa samaki, sato wa kuchoma, ulizia mama mwenye banda la bluu.*

Jenoveva ndiye aliyeanza kuona watu.

Wanawake walikuwa wakitoka majumbani. Si wote. Wa makamo, waliozaa miaka kumi iliyopita. Walisikia mlio wa injini, wakaja mpaka kando ya barabara, wakasimama. Hawakupunga mkono. Mmoja alikuwa ameshika kadi ya kliniki iliyochakaa, aliyoitoa sijui kwenye sanduku gani, akaishikilia kifuani. Gari lilipompita bila kusimama, aliinama kama mtu aliyepigwa.

"Wanasubiri nini hawa?" Kasmiri akauliza.

"Sijui."

Alisimamisha gari kwa mmoja wao, akasalimia. Yule mama akajibu kwa adabu, huku macho yakiwa kwenye mlango wa nyuma.

"Tulikuwaga tunalisubiri hapahapa, kila Alhamisi," akasema. "Nimesikia mlio nikatoka tu. Miguu imenileta." Kisha akashusha sauti. "Dada, bado mmembeba?"

"Nani?"

Mama yule akatikisa kichwa, akarudi nyumbani kwake akitembea haraka.

Walipoanza kuzunguka upande wa kurudi, ukuta wa bati nyuma ya migongo yao ukagongwa. Ngo, ngo, ngo. Kasmiri akasema ni spea taya. Wakashuka, wakaifunga kwa kamba, ikakaza. Wakaondoka. Ngo, ngo, ngo. Mara hii ilikuwa juu zaidi, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, na haikufuata mashimo ya barabara. Palipokuwa tambarare iligonga, palipokuwa na mashimo ikanyamaza.

"Ni kidole hicho," Kasmiri akanong'ona. "Fundo la kidole."

Jenoveva akabadilisha gia. Mbele yao palikuwa na kilima chenye majabali matatu juu, na barabara ilipanda ubavuni mwake huku ziwa zima likiwa chini. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote walizopita. Kasmiri hata hakulifungua daftari.

Katikati ya mwinuko gari likakohoa. Likakohoa tena, likazima. Jenoveva akavuta breki. Mshale wa mafuta ulionyesha tangi limejaa. Akageuza ufunguo, kimya. Palikuwa na jua la saa saba, hakuna ndege, hakuna upepo, na wale wadudu wa ziwani walikuwa wameshafika pwani, wanavuma chini ya kilima kama watu wengi wanaosali pamoja.

Ngo, ngo, ngo.

"Dereva," ikasema sauti ya mwanamke nyuma yao. Ilikuwa sauti ya msichana mwenye heshima, anayeona haya kusumbua. "Dereva, bado?"

Kasmiri alifungua mlango wake, akatoka, akakaa chini barabarani na kofia yake mikononi. Jenoveva naye akatoka. Alizunguka mpaka nyuma na kufungua. Kapu la ndizi lilikuwa palepale. Benchi la kushoto lilikuwa limelowa, maji yanatiririka hadi sakafuni, na mahali pale palinukia sabuni ya mche, ile ya Jumamosi za baba yake.

"Mliishiwa tena?"

Aliyesema hayo alikuwa mwanamke mzee, ametokea kwenye shamba la mihogo na jembe begani, mrefu, kanga imefungwa kiunoni. Alikuja moja kwa moja. Hakulishangaa gari. Aliliegemeza jembe kwenye jabali, akapangusa mikono, akapanda nyuma na kuketi kwenye benchi la kulia, mahali ambapo mwili wake ulionekana kupajua.

"Shikamoo, mama," Jenoveva akasema.

"Marahaba. Mimi ni Dafroza. Gari hili lilizimikaga hapahapa. Lilipozimika ndipo lilipozimika leo, hata hatua moja halikuzidisha. Wewe ni nani?"

"Jenoveva. Binti wa Wenceslaus Makongoro. Marehemu."

Mama Dafroza alilitazama benchi lililolowa.

"Basi utasikia," akasema. "Kama hakukwambia yeye, nitakwambia mimi."

Akasimulia akiwa ameketi palepale, bila kuinua sauti. Ilikuwa mwaka wa themanini na nne. Binti yake, Pelagia, wa miaka kumi na tisa, alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu jana yake jioni, na mkunga akasema hili si la nyumbani, apelekwe Nansio. Bahati ilikuwa Alhamisi, gari la kliniki lipo kijijini. Makongoro alikuwa mtu mwema, wote walimpenda. Aliwatandikia benchi kwa koti lake mwenyewe. Wakaondoka. Hapa mlimani gari likazima.

"Alikuja nyuma akasema, 'Mama, subirini kidogo, nafuata mafuta, si mbali.' Akashuka na dumu kwenda ufukoni. Alijua anakokwenda. Kulikuwa na mtu mwenye mashine ya mtumbwi, amevua sangara mpaka akatajirika. Siku mbili kabla, Makongoro alimpa mafuta ya gari. Lakini mtumbwi ulikuwa majini, na mafuta yamo humo. Basi akatembea. Mwalo huu wa wavuvi hakuna, mwalo ule hakuna. Mafuta yalikuwa hayapatikani miaka ile, unajua mwenyewe. Mwanangu alikuwa amelala na kichwa huku mbele. Alidhani dereva yuko kwenye kiti chake. Akawa anagonga bati. 'Dereva, bado?' Mimi namwambia bado kidogo. Nilimdanganya mchana kutwa."

Kasmiri alikuwa amesogea, amesimama na kofia mkononi.

"Aliporudi jua limeinama. Amepata dumu moja. Mwanangu alikuwa ameshakwenda, na mtoto tumboni." Mama Dafroza akanyoosha kidole kwenye mawe ya kando ya barabara. "Aliweka dumu pale. Sikumuuliza kitu. Alisema mwenyewe. 'Mama, mafuta nilikuwa nayo. Niliyabadilisha kwa kitambaa cheupe. Binti yangu anaolewa.'"

Jenoveva alishika bawaba ya mlango. Kitambaa kile alikijua. Mwaka ule hapakuwa na kitambaa cheupe Bunda wala Musoma, mabibi harusi waliazimana gauni moja mpaka likapasuka kwapani. Baba yake alikuja na kile kitambaa kimefungwa kwenye gazeti, kizito, laini, akakiweka mezani na kutoka nje. Wanawake walikishika na kupiga vigelegele. Siku ya harusi baba alikaa benchi la mwisho kanisani. Kwenye chakula hakuonekana, na yeye, bibi harusi, alimkasirikia kwa hilo miezi mingi.

"Mimi ndiye niliyeolewa," akasema.

"Nimekujua uliponiamkia. Una mwanya wake."

Jenoveva alingoja apigwe, au atukanwe, au mama yule alie. Hakuna kilichotokea. Machozi yakamtoka mwenyewe, akaanza kupiga magoti pale kwenye changarawe.

"Simama," Mama Dafroza akasema. "Sikutaka magoti ya baba yako, sitaki yako. Mwanangu alipanda gari hili kwenda Nansio, hakufika. Tulimrudisha nyumbani kwa machela, gari likaondoka bila yeye. Toka siku hiyo sijamwota hata mara moja. Kaburini kwake nikienda, najua hayupo. Sasa funga mlango uendeshe."

"Halitawaka, mama."

"Endesha."

Liliwaka kwa mguso wa kwanza.

Njia yote ya kwenda Nansio bati liligongwa. Kasmiri alikaa mbele, macho yamefumbwa, midomo inakwenda na Salamu Maria. Kutoka nyuma walimsikia Mama Dafroza akiongea taratibu kwa Kijita, anasita kama anayesikiliza, anaongea tena. Mara moja sauti ile nyingine ilisema, karibu kabisa na sikio la Jenoveva, "Dereva, bado?"

Jenoveva akaegemeza kichwa nyuma, karibu na bati. "Nipo, dada," akasema. "Nipo hapa. Tunafika."

Bati likanyamaza kidogo, halafu likagongwa tena, polepole zaidi.

Pale hospitali, Mama Dafroza alishuka wa kwanza. Kisha akageuka, akanyoosha mikono yote miwili ndani ya gari, akasubiri, na Jenoveva aliyesimama kando aliona gari likiinuka kidogo kwenye springi zake, kama linavyoinuka abiria anaposhuka. Mama yule akatembea hatua fupi fupi mpaka barazani, mkono wake mmoja umezunguka kitu kisichoonekana. Mezani alikuwepo nesi mtu mzima, mwenye miwani.

"Mgonjwa yuko wapi, mama?"

"Huyu hapa. Pelagia Masatu, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza. Andika."

Nesi alimtazama mama, akamtazama Jenoveva aliyekuwa akilia bila kujificha. Hakuuliza. Alifungua daftari kubwa, akaandika jina lote, akaandika umri, akaandika saa.

"Tumempokea," akasema.

Mama Dafroza alikaa kwenye benchi la baraza mpaka jua likaegemea maji. Aliponyanyuka alionekana mzee zaidi na mwepesi zaidi. Jenoveva akataka kusema neno, akazuiwa kwa kiganja.

"Usiniombe msamaha. Nimekuja kwa shida ya mwanangu. Shida ya baba yako ni ya baba yako."

Walimrudisha kwake jioni ile ile, amekaa nyuma peke yake, na njia nzima gari lilikuwa kimya.

Kasmiri aliapa hatakanyaga tena Ukerewe, na hakukanyaga. Ila biashara ni biashara, wageni walisikia habari za barabara ile, wakaitaka, naye akawapeleka kwa Jenoveva. Mwaka wa tisini na nne alivuka nao zaidi ya mara ishirini. Gari halikugongwa tena. Kwenye kilima cha majabali matatu hakusimama, hata wageni walipoomba, na Mama Dafroza akiwa shambani alimwamkia kwa honi fupi. Mama hakuinua mkono, lakini aliacha kulima mpaka gari lipite.

Siku moja ya mwezi wa saba alibeba mzungu mmoja mhandisi na mkewe. Walipokwisha kuteremka kilima, yule mwanamke akamgusa bega.

"Jenoveva, yule mzee, kwa nini hukumpa lifti?"

"Mzee yupi?"

"Yule mwenye dumu. Pale juu. Alipunga mkono."

Jenoveva akatazama kioo. Barabara ilikuwa tupu, vumbi lao lenyewe linatua.

"Amevaaje?"

"Shati la kaki, amefunga vifungo mpaka shingoni, na joto hili! Anachechemea."

Aliendesha mpaka Nansio akikitazama kile kioo. Baba yake alifunga vifungo mpaka shingoni maisha yake yote, na mguu wa kushoto ulivunjwa na trekta. Kesho yake, wageni wakiwa sokoni, alirudi peke yake mpaka kwa Mama Dafroza, akamkuta akimenya mihogo.

"Mama, unamwonaga?"

Mama Dafroza hakujifanya haelewi. "Tangu mwaka alipokufa. Nilidhani ni mzima, amekuja kunitafuta. Uliposema marehemu nikajua. Anapanda kutoka ufukoni na dumu. Akifika pale analiweka chini, anatafuta gari. Hakuna gari. Analichukua, anashuka tena. Kila Alhamisi."

"Unamsemesha?"

"Nimsemeshe nini?" Kisu chake kikaendelea kumenya. "Mimi nilikaa na mwanangu mchana kutwa. Na yeye atembee."

Kuanzia siku hiyo, kila Alhamisi aliyokuwa kisiwani Jenoveva alisimama pale kilimani, akashuka, akaita, "Baba." Hakumwona hata mara moja. Alisikia tu hatua, moja nzito, moja ya kuburuta, zikipita karibu naye kuelekea chini, na mafuta yakicheza ndani ya dumu. Alifungua milango yote. Hatua hazikugeuka. Ilikuwa kana kwamba mzee hana ruhusa ya kumsikia.

Ikapita masika, kikapita kiangazi. Mwaka wa tisini na tano macho ya Mama Dafroza yakaanza kuingia ukungu. Akatuma neno kwa mtu wa pantoni kwamba binti wa Makongoro akivuka ampitie, anataka kwenda Nansio kwa daktari wa macho. Siku aliyompitia ilikuwa Alhamisi, hawakuwa wameipanga. Mama alipanda mbele, kwa mara ya kwanza, na kitambaa chake cha kichwa kipya, na wakaongea habari za mvua na bei ya pamba mpaka walipoanza kupanda kilima.

"Simama," akasema Mama Dafroza.

Jenoveva akasimama. Mama yule akatazama mbele kupitia kioo kwa macho yake yenye ukungu, muda mrefu, akifuata kitu kilichokuwa kikipanda kutoka chini.

"Amezeeka," akasema. "Hata kaburini mtu anazeeka?"

Akafungua mlango, akashuka kwa kujishikilia, akatembea kando ya gari akilipapasa ubavu kwa mkono mpaka nyuma. Jenoveva alibaki ameshika usukani. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Akazisikia hatua, ile nzito na ile ya kuburuta, zikikaribia, zikasimama.

"Makongoro," Mama Dafroza akasema. Sauti yake haikuwa laini. "Mwanangu ameshafika. Walimpokea, wameandika jina. Acha hilo dumu. Panda."

Kisha kitu kikawekwa chini kwenye mawe, na gari likadidimia nyuma, springi zikalia kwa uzito wa mtu mzima. Mlango ukafungwa.

Mama Dafroza akarudi kiti cha mbele, anahema. Alijipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Mimi nishushe kwa daktari," akasema. "Huyu mpeleke kwao."

Alimshusha Nansio. Akavuka Rugezi na pantoni la saa nane, akashika barabara ya Kibara. Hakutazama kijidirisha cha nyuma na hakuita. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua, naye aliyakwepa mashimo yote, moja moja, akiendesha kama mtu aliyebeba mgonjwa, mpaka vilima vya Butiama vikaonekana.